Baba hapati ukurasa: historia fupi ya kijana na muzazi ndani ya vitabu



Naanza na jambo la aibu. Mwaka ule nilimaliza graduat, nilirudi nyumbani Uvira kwa likizo. Baba yangu ni fundi wa kushona. Siku moja alikuwa na wageni wawili, na mbele yao akasema sentensi moja kwa Kifaransa, akakosea. Nikamusahihisha. Sikufanya kwa ubaya, ilinitoka tu, sawa vile tulizoea kusahihishana ndani ya auditwari. Wageni wakatazama chini. Baba hakusema kitu, aliendelea kukata kitambaa chake. Lakini tangu ile siku, kwa mwaka muzima, hakuongea tena Kifaransa mbele yangu. Hata « bonjour » hakuisema.

Kuna kitu sikukifikiri ile siku. Feza ya mwaka wangu wa tatu ilitoka kwa mashini yake ya kushona. Alikuwa na mbili, akauza moja. Kumbe kile Kifaransa nilichomusahihisha nacho, yeye ndiye alikilipia.

Tangu hapo, kila mara nasoma romani ya vijana, natafuta hii picha: mutoto anarudi kutoka masomo, anasimama mbele ya muzazi, na wote wawili hawajui tena namna ya kuongea. Nimeikuta pahali pengi, Afrika, Amerika, ndani ya Kifaransa na ndani ya Kiswahili. Leo napenda niwaelezee historia yake vile nilivyoielewa, juu naona inatugusa sisi wenye diploma kuliko tunavyofikiri.

Wakati muzazi peke yake aliongea

Tuanzie na Kiswahili chenyewe. Mwaka 1858, kwenye pwani ya kaskazini ya Kenya, upande wa Pate na Lamu, mama mumoja jina lake Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mama alikuwa mugonjwa, alijua siku zake si nyingi. Anamuita binti, anamuambia achukue wino na karatasi, kisha anamupa wosia: aheshimu Mungu, Mtume, baba, mama, na bwana wake atakapoolewa. Anamuonyesha namna ya kuishi na watu na namna ya kulinda nyumba.

Ni kazi nzuri sana, na inasomwa hadi leo. Lakini mukiisoma kama vijana mutaona jambo moja: binti hajibu. Alifurahi? Alichoka? Alikuwa na muvulana mwingine moyoni? Hatujui. Yeye kazi yake ni kushika kalamu na kuandika maneno ya mama.

Simuhukumu Mwana Kupona. Wosia ndivyo ulivyo: mukubwa anaongea, mudogo anasikiliza. Na kwetu ni vile vile. Methali karibu zote kuhusu vijana zimetungwa na wazee. « Asiyesikia la mukuu huvunjika guu. » « Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. » Mimi bado sijasikia methali ambayo kijana aliitunga kuhusu baba yake.

Tena kulikuwa sababu nyingine. Zamani ule umri wa katikati, mutu si mutoto tena lakini bado si mutu muzima, haukuwa murefu. Kwa Wachokwe na Walunda, kusini mwa inchi yetu, muvulana aliingia ndani ya mukanda akiwa mutoto, akatoka akiwa mwanaume. Musichana naye aliolewa mapema. Ugomvi na wazazi ulikuwako, bila shaka, watu ni watu. Lakini hakukuwa miaka kumi ya kungojea, ya kukaa kwa baba ukila chakula chake huku kichwa chako kiko mahali pengine. Ile miaka kumi ililetwa na shule.

Shule ilizaa umri mupya

Haya si mawazo yangu tu, historia ya Amerika inayaonyesha vizuri. Mwaka 1904, mwana saikolojia mumoja wa kule, G. Stanley Hall, alitoa kitabu kikubwa chenye volimi mbili kuhusu ujana. Alisema ujana ni kipindi cha zoruba: hasira, huzuni, kugombana na wakubwa. Watu wengi walimuamini, wakaanza kuona ugomvi wa kijana na muzazi kama kitu cha mwili, sawa ndevu na chunusi.

Mwaka 1928, Margaret Mead akaandika kuhusu wasichana wa Samoa, visiwa vya bahari ya Pasifiki, akasema kule wasichana wanakua bila zoruba kubwa. Kwa hiyo, kwake yeye, kosa haliko ndani ya damu, liko ndani ya maisha ambayo jamii inawapa vijana. Mwaka 1983, Derek Freeman alimupinga kwa nguvu, na ile palabre haijaisha kabisa. Lakini swali la Mead lilibaki: je, ni umri ndio unaleta ugomvi, ao ni vile tunavyopanga ule umri?

Tazameni hesabu. Mwaka 1910, katika Marekani, vijana waliomaliza sekondari walikuwa karibu 9 kwa 100. Mwaka 1940 walifika karibu nusu. Maana yake, ndani ya miaka 30 tu, mamilioni ya vijana waliotoka shambani na ndani ya viwanda walijikuta wakikaa pamoja ndani ya madarasa, watu wa umri mumoja, bila wazee katikati yao. Wakaanza kuwa na muziki wao, nguo zao, maneno yao. Wafanya biashara waliona hapo kuna soko. Neno « teenager » lilienea miaka ile ya 1940. Gazeti la wasichana liitwalo Seventeen lilianza mwaka 1944. Na mwaka 1942 Maureen Daly alikuwa amekwisha kutoa Seventeenth Summer, romani ya musichana wa miaka 17 na mapenzi yake ya kwanza. Wengi wanaihesabu kati ya romani za kwanza za vijana.

Ndani ya kile kitabu hakuna vita na wazazi. Familia iko, inakula pamoja, baba na mama wanaangalia kwa utulivu. Mwaka 1951 J. D. Salinger akatoa The Catcher in the Rye. Aliandikia watu wazima, lakini vijana walikichukua kikawa chao. Holden anafukuzwa shule, na badala ya kurudi nyumbani anazunguka New York. Anaogopa kuonana na wazazi, na sisi wasomaji karibu hatuwaoni. Wako, lakini wako nyuma ya mulango.

Musichana wa Tulsa

Mulango ulifungwa kabisa mwaka 1967. Katika muji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, musichana jina lake Susan Eloise Hinton alianza kuandika romani akiwa na miaka 15, juu alichoka kusoma vitabu vya vijana ambavyo ndani mwao tatizo kubwa ni nani atakupeleka kucheza dansi. Yeye shuleni kwake aliona vijana wa maskini na vijana wa matajiri wakipigana. Kitabu chake, The Outsiders, kilitoka alipokuwa na miaka 18. Waliotoa kitabu waliandika « S. E. Hinton » juu yake, waliogopa wasomaji wanaume hawatamuamini musichana akieleza vita vya wavulana.

Mimi hiki kitabu kilinishangaza kwa jambo moja. Ponyboy, mwenye miaka 14, hana wazazi: walikufa katika aksida ya gari. Anayemulea ni yaya yake Darry, mwenye miaka 20. Darry alikuwa na nafasi ya kwenda iniversite, akaiacha, akaenda kufanya kazi ya nguvu ili wadogo wake wawili wasichukuliwe. Na ugomvi mukubwa wa kitabu ni kati ya hao wawili. Usiku mumoja Darry anamupiga Ponyboy kofi, mudogo anakimbia inje, na kutoka hapo mabaya yote yanafuata, hadi mutu anakufa.

Nani kati yetu hajui Darry mumoja? Yaya aliyeacha masomo juu baba alikufa, ao juu vita vilifika, na sasa anauza makala ao anaendesha moto ili wewe ulipe minervali. Na wewe unamuona mukali, unasema hanipendi. Ponyboy naye anaamini hivyo, hadi katikati ya kitabu anamuona Darry akilia.

Kuna kingine. Bob, kijana tajiri anayekufa, ana wazazi wazima na gari muzuri. Rafiki yake anaeleza kwamba tatizo la Bob ni kwamba wazazi hawakumukatalia hata siku moja. Alitaka tu mutu amuambie hapana. Johnny wa maskini anapigwa nyumbani, Bob wa tajiri hakatazwi kitu, na wote wawili wanapotea. Musichana wa miaka 18 aliona hayo, na bado ni funzo kwa wazazi wengi.

Baada ya Hinton, romani ya vijana katika Marekani ilizoea kumuondoa muzazi. Anakufa ku mwanzo wa kitabu, anaondoka, analewa, ao hana maana. Si kwa sababu waandishi wanawachukia wazazi. Ni namna ya kazi: ukimuacha baba mwenye akili ndani ya hadithi, atatatua shida kwa ukurasa wa kumi. Kijana hatapata nafasi ya kutenda.

Kwetu ilikwenda kwa njia nyingine

Sasa turudi Afrika. Kwetu muzazi hakufa ku mwanzo wa kitabu. Yuko hai, yuko mbele yako, na ameuza ng'ombe ili usome.

Mwaka 1953 Camara Laye, mutu wa Gine, alitoa L'Enfant noir. Wengi wetu tulikisoma sekondari, ao tulisoma vipande vyake ndani ya vitabu vya Kifaransa. Baba ni fundi wa chuma na zahabu huko Kouroussa. Ana nyoka mweusi anayemutembelea, roho ya ukoo wake. Siku mutoto anauliza kuhusu yule nyoka, baba anamueleza, lakini kwa huzuni: anajua mutoto atakwenda shule, na shule itamupeleka mbali naye, na ile siri ya ukoo haitapata mutu wa kuipokea. Ndiyo inavyotokea. Mutoto anakwenda Conakry, kisha Ufaransa. Mama anakasirika na kulia, baba anakubali.

Hapo hakuna matusi. Kuna upendo mutupu na kuachana. Mongo Beti, mutu wa Kamerun, alikikosoa kile kitabu, akasema ni kitamu mno na kinafunika macho mbele ya ubaya wa ukoloni. Mwaka 1956 mutu mwingine wa Kamerun, Ferdinand Oyono, akatoa Une vie de boy: hapo Toundi, bado mutoto, anakimbia fimbo ya baba yake na kwenda kwa padri muzungu. Alitoka kwa baba mumoja, akaangukia kwa baba mwingine, na mwishoni wazungu wengine ndio walimumaliza.

Kisha mwaka 1957 Mongo Beti mwenyewe akatoa Mission terminée. Hiki ndicho kitabu changu. Jean-Marie Medza ameanguka katika oral ya bakaloria. Anarudi kijijini na aibu yake, na hapo hapo wanamutuma Kala, kijiji cha ndani, kumurudisha muke wa ndugu yake aliyekimbia. Kala wanamupokea kama mwenye elimu kubwa. Usiku wanakusanyika, wanamuomba awaambie mambo ambayo wazungu wanafundisha. Maskini! Anatafuta ndani ya kichwa, anaona kile alichokishika kwa miaka yote ni kidogo, na hakiwezi kuwasaidia wale watu hata kwa jambo moja. Wenzake wa umri wake kule wanajua kuogelea, kuwinda, kuongea na wasichana. Yeye anajua mitihani.

Na nyuma ya yote kuna baba yake, mutu mukali aliyemusukuma shule kwa fimbo. Medza anaporudi nyumbani, ugomvi unalipuka, na kijana anaondoka asirudi. Kwa Ponyboy ugomvi ulianza na kuchelewa kurudi usiku. Kwa Medza ni shule yenyewe. Baba alimutuma ndani ya shule ili aje kuwa mukubwa, na shule ikamutoa mutoto ambaye hana mahali tena, si kwa wazungu, si kwa baba.

Musisahau ni wakati gani. Katika Kongo yetu, Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, na iniversite ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Tulipopata uhuru, Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya iniversite hawakufika hata 30 kwa inchi nzima. Wazazi waliona ile karatasi kama ufunguo. Walikuwa na haki, juu mwenye ile karatasi alipanda mbio sana. Hamu ya baba zetu kwa diploma inatoka huko. Hawakuota tu. Waliona kwa macho yao.

Rosa, binti wa Zakaria

Sasa tuvuke ziwa. Uvira vitabu vya Tanzania vinafikaka na biashara kutoka Kigoma, ndani ya mizigo ya sabuni na sahani, na ndivyo nilivyopata Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Kilitoka mwaka 1971. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha ziwa Victoria, mwaka 1944, na alikuwa bado kijana mwenye diploma mupya, sawa sisi.

Rosa ni binti mukubwa wa Zakaria, mutu aliyekuwa mwalimu na sasa ni mulevi. Zakaria anakuta barua ambayo muvulana alimuandikia binti yake, anamupiga vibaya sana. Tangu hapo Rosa anaogopa wavulana, hata kuwatazama hataki. Anapofika shule ya wasichana, mbali na fimbo ya baba, wenzake wanamucheka. Kidogo kidogo anageuka, anakwenda upande mwingine kabisa, bila breki, hadi chuo cha ualimu. Mwisho wake ni kifo.

Watu walishituka. Kitabu kilikatazwa kwa muda shuleni juu kiliongea wazi mambo ya mwili. Baadaye kilirudi, kikawa kitabu cha programu ya sekondari kule Tanzania. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichwamaji. Ndani yake Kazimoto, mwanafunzi wa iniversite, anajieleza mwenyewe: anarudi nyumbani, hana tena la kuzungumza na wazazi wala na kijiji, na anamaliza kwa kujiua. Miaka 116 baada ya Mwana Kupona, mutoto alishika kalamu, na safari hii hakuandika maneno ya mama.

Msichana anayesema « si kweli »

Mwaka 1988 Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe alitoa Nervous Conditions. Tambu ni binti wa kijijini, Rhodesia ya miaka ya 1960. Feza ya shule inakwenda kwa kaka, siyo kwake, na baba haoni vitabu vitamusaidia nini musichana. Basi yeye analima mahindi yake mwenyewe auze apate ya shule. Na kaka yake anayaiba.

Kaka anapokufa, Tambu anachukua nafasi yake kwa baba mukubwa, Babamukuru, mukuu wa shule ya misioni. Kule anaishi na Nyasha, binti wa Babamukuru, aliyekulia Uingereza kwa miaka. Nyasha anasoma anachotaka, anajibu, anauliza. Usiku mumoja anachelewa inje akiongea na muvulana baada ya dansi, baba anamupiga, na yeye anarudisha. Jambo kubwa sana kwetu: mutoto kuinua mukono juu ya baba! Mwishoni Nyasha anakataa kula, mwili wake unaisha, na ghazabu yake inamurudia yeye mwenyewe.

Dangarembga alifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya. Alionyesha kwamba Babamukuru naye ni mutoto wa shule. Wazungu wa misioni walimupokea, wakamusomesha, na sasa amebeba ukoo muzima ku mabega: minervali ya huyu, harusi ya yule, chakula cha Noeli cha wote. Hana usiku wa kulala vizuri. Anamupiga binti yake kwa sababu anaogopa, akianguka yeye, wote wataanguka. Hii haimupatii haki ya kupiga. Lakini unaelewa fimbo inatoka wapi.

Muzazi anarudi

Upande wa Marekani, miaka ya karibuni, mambo yanageuka kidogo. Katika The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008, ambayo wengi wetu tunaijua kwa filimu kuliko kwa kitabu, baba wa Katniss alikufa ndani ya muchimo wa makala ya mawe, na mama alivunjika na huzuni hadi hakuweza kupikia watoto. Katniss, mwenye miaka 11, akaanza kulisha nyumba. Hasira yake kwa mama haitoki haraka. Watoto wa migodi kwetu wataielewa bila mwalimu.

Lakini mwaka 2017 Angie Thomas alitoa The Hate U Give, na hapo baba na mama wako, wazima, wanapendana, wanagombana na kucheka. Baba wa Starr alimufundisha binti tangu mudogo namna ya kusimama mbele ya polisi ili asiuawe. Pale hatari iko inje ya nyumba, muzazi anakuwa upande wako. Labda ndiyo sababu kwetu pia, wakati wa vita, wengi hatukukumbuka ugomvi na baba. Ugomvi unarudia wakati wa amani.

Swali la baba yangu

Basi, nilitaka kumaliza na nadharia muzuri. Baba yangu akaiharibu.

Mwaka uliopita nilikaa naye ku mulango wa atelie, umeme ulikuwa umekatika, hakuna kazi. Nikamuelezea Mission terminée yote, kuanzia bakaloria hadi mwisho. Nilikuwa na sababu yangu. Nilitaka kumuomba msamaha wa ile sentensi ya Kifaransa bila kuitaja. Alisikiliza vizuri, alicheka sana mahali pa Kala. Nikafika ku mwisho, kijana anapoondoka.

Akaniuliza : « Na baba yake, yeye alisema nini? »

Nikamujibu: « Papa, kitabu anakielezea kijana. »

« Ndiyo, lakini baba alisema nini? Alibaki na nani? Ile feza ya masomo, nani alimurudishia? »

Sikuwa na jibu. Nilifungua tena vitabu vyangu vyote ndani ya kichwa. Ponyboy anaelezea mwenyewe. Medza anaelezea mwenyewe. Kazimoto, Tambu, Katniss, Starr, wote « mimi, mimi ». Ndiyo nguvu ya hii aina ya vitabu: ilimupa sauti yule aliyeshika kalamu kimya mbele ya mama mwaka 1858. Ilikuwa haki yake. Lakini ku mwendo wa miaka 100, nafasi ya kunyamaza ilihama tu. Zamani ilikuwa ya binti. Leo ni ya baba.

Camara Laye alimuachia baba aongee, ni kweli, na labda ndiyo maana kile kitabu kinawaliza wazazi wanaokisikia. Na Kezilahabi alifanya kitu ambacho sikukiona mahali pengine. Ndani ya mwisho wa Rosa Mistika, baada ya kifo, Zakaria na Rosa wanasimama mbele ya Mungu, na kila mumoja anamutupia mwingine kosa. Baba anasema yake, binti anasema yake. Mara ya kwanza niliposoma niliona ni mwisho wa ajabu, kama katekisimu. Sasa naona mwandishi alielewa tatizo: hapa duniani hakupata mahali ambapo hao wawili wangeongea na kusikilizana, akawatafutia mahali mbinguni.

Nilimuelezea baba na hiyo. Akanyamaza kidogo. Akasema : « Huyo Zakaria ni mubaya. Lakini vizuri walimuuliza. »

Ndugu zangu, wengi wetu tunaandika: mashairi, hadithi, vipande vya maisha. Na karibu kila mara baba ni yule mukali, mama ni yule analia, na sisi ndio tunaelewa. Mimi nimeanza kuandika habari ya ile siku ya wageni kwa upande wa mutu anayekata kitambaa. Ni vigumu. Sijui aliwaza nini. Basi, itanilazimu kumuuliza, na kumuuliza ndiyo kazi yenyewe. Kwa miaka yote hii sijamuuliza nani alinunua ile mashini, na kwa bei gani.

Jumapili iliyopita, nilipotoka kumusalimia, aliniambia : « Bon voyage. » Alisema vizuri kabisa. Hata angekosea, ningenyamaza.